Sindano Husubiri Njia Inyooke

Kerubo ana kanuni yake, hakufundishwa chuoni:
usimtafute mtu mshipa kwenye mzunguko.
Gari likianza kupinda, yeye huinua mkono,
huishika sindano hewani kama mshumaa usiowashwa,
goti ubavuni mwa kitanda, nyonga ukutani,
akanifokea kupitia kidirisha:
"Niambie ukinyooka!"

Jioni hii tumembeba Lijodi, fundi wa makochi, Makongeni.
Msumeno wa umeme ulimponyoka ukamla paja.
Binti yake amekaa mbele, kando yangu,
kiatu kimoja cha baba yake mapajani,
cha pili hajui kimebaki wapi.
Haulizi tutafika saa ngapi. Anauliza
mbona tumesimama na king'ora kinalia.

Nimjibu nini?
Taa nyekundu naijua: naipita.
Lakini mzunguko wa Bunyala, saa moja kasorobo,
hauna taa ya kuvunjwa.
Una watu. Na kila mmoja
ameshangojea dakika ishirini,
amechomeka pua ya gari lake penye kaupenyo,
na sasa nakuja mimi kumwomba
arudishe kile alichokipata.

Tena king'ora, hapa, hakina mbele wala nyuma.
Kinapanda nguzo za ile barabara ya kulipia,
kinagonga zege, kinarudi vipande vipande,
huyu akakisikia kushoto, yule mgongoni.
Mwenye pikapu ya vitunguu ananipisha
kwa kuingia palepale ninapotaka kupita.
Tunatazamana. Anafungua viganja: niende wapi, ndugu?
Kweli. Aende wapi?

Nami nitasema, maana usukani hautaki mwongo:
mzunguko haujawahi kunipa maiti.
Miaka kumi na mmoja nimeokota hapa
vioo vya taa, bampa, magoti yaliyochubuka,
mzee mmoja aliyezimia kwa hasira.
Waliokufa nimewatoa kwenye njia panda zilizonyooka,
zile tunazozisifu kwa kasi.
Yule aliyepona ajali ambayo haikutokea
hatakuja kunishukuru; hata hajui.
Amekwenda zake nyumbani kula, akilaani foleni.
Hilo nalijua,
na halimsaidii Lijodi.

"Shinikizo linashuka," Kerubo anasema,
safari hii bila kufoka, na ndivyo ninavyojua.

Afande Chepng'eno yuko katikati ya magari,
glavu zake nyeupe zimegeuka rangi ya chai.
Ananinyooshea kiganja: subiri.
Anafunga upande wa mjini kwanza,
basi, lori la saruji, gari jeusi lenye pazia
ambalo dereva wake anamwonyesha kadi fulani
naye haitazami.
Kisha upande wa Nyayo. Anawarudisha mmoja mmoja,
akipiga boneti kwa kofi,
kama mtu anayepepeta mchele, huyu huku, huyu kule,
mpaka panatokea lami.
Lami tu. Sikumbuki mara ya mwisho kuiona hapo.

Nikaingia kwa mkono wa kulia,
nikiukabili mshale uliochorwa barabarani,
taa za wote zikinimulika usoni kama mwizi.
Nyuma chupa za dawa zikahamia upande mmoja,
kiatu kikaanguka, binti akakidaka kwa mguu.
Bado. Bado. Bado.
Ukingo wa mwisho, tairi likapanda kidogo,
kisha mlima wa Upper Hill ukafunguka mbele yangu.

"Nimenyooka!"

Kimya. Mita mia. Mia mbili.
Kwenye kioo naiona pikapu ya vitunguu
ikifuata upenyo wangu, na nyuma yake magari sita,
wote wagonjwa ghafla.
Sina nguvu ya kuwachukia.

"Nimeupata," anasema Kerubo.

Binti anakipangusa kile kiatu kwa leso, taratibu,
kama kwamba kitavaliwa leo.
"Kuna mzunguko mwingine huko mbele?"
Upo, namwambia.
Mdogo.