Kumulika

Barua ya kwanza imetoka Madaraka:
karatasi nzito, nembo ya dhahabu iliyotuna,
ukiipapasa gizani utaijua.
Ya pili ni ya Kabete, nyembamba kama ya kufungia mandazi,
mhuri umekaa upande, na jina langu wamelikosea.
Nasambu nimekuwa Nasumbu.
"Umeitwa ukasumbue," akasema kaka yangu Situma, akacheka peke yake.

Jibu linatakiwa Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja.

Nikachora mstari katikati ya ukurasa
kwenye daftari la madeni la mama, ndilo lililokuwa karibu.
Kushoto: Shahada ya Biashara, miaka minne,
chumba cha hisa, kila mwanafunzi na skrini mbili,
na likizo ndefu unapelekwa benki kujifunza kazi.
Kulia: Shahada ya Biashara, miaka minne,
mitano wahadhiri wakigoma,
ukumbi wa watu mia nne, kipaza sauti kimoja,
na ada unayoweza kuitaja bila kushusha sauti.

Situma anasema mwajiri husoma jina la chuo
kabla hajafika kwenye lako.
Sikumjibu. Nami nalitaka lile jina.
Nataka lifti. Nataka mtu aniulize nasoma wapi,
nimwambie, kisha anyamaze kidogo.

Mama hupata shilingi moja kwa yai.
Muhula mmoja wa Madaraka ni laki mbili na elfu kumi,
yaani mayai laki mbili na elfu kumi.
Nimeyapanga kichwani, moja nyuma ya jingine,
toka kibanda chetu Kawangware:
yamefika langoni pa chuo, yakapita,
mlinzi akiyatazama.

Usiku akafunga kibanda, akaketi juu ya kreti.
Hajui maana ya nusu ya yale niliyoandika.
Alichukua simu, akawasha tochi,
akaiweka chini ya barua ya dhahabu
vile anavyomulika yai kutafuta kivuli kinachotembea.
Akaigeuza. Akamulika na ya pili.
"Yote mazima," akasema.
"Basi shughuli iko kwa mnunuzi."

Kisha, akiwa amekwisha kusimama:
"Wanafundisha kudai?"

Nikapekua orodha za masomo, zote mbili.
Misingi ya Uhasibu. Tabia za Wateja. Takwimu ya Pili.
Maadili, muhula wa sita.
Kudai hakuna.
"Mm," akasema mama, akaenda kuosha miguu.

Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini, nilibonyeza.
Mtandao ulizunguka, ukazunguka.
Nilidhani nitalia, sikulia; nilisikia njaa.

Jumatatu napanda Kabete kuwaomba wanirudishie herufi yangu.
Sijui kama nimechagua au nimepiga hesabu tu,
na hakuna wa kumuuliza kabla ya miaka minne.

Au mitano.

Ile nyingine mama hakuitupa. Karatasi nzuri hivyo!
Ameitundika msumarini, mgongo nje, na juu yake ameandika:
Baba Kedogo, trei tatu, mwisho wa mwezi.
Mama Zawede, trei moja, mayai mawili yalipasuka.
Mwandiko umenyooka mstari baada ya mstari,
ila pale penye nembo
kalamu inaruka.