Safu ya Maoni

Nilipewa jedwali lenye safu tatu:
jina, kazi, maoni.
Safu ya maoni ina upana wa vidole vinne.
"Kemuma, andika kwa ufupi," mkubwa wangu akaniambia,
"mtu akisema sana, weka tu: ana wasiwasi."

Juu ya meza mnara ulikuwa umefunikwa
kitambaa cheupe, kama biharusi.
Msanifu akaufunua polepole, kwa vidole viwili.
Ghorofa hamsini na mbili za kioo
zimejisokota kutoka chini hadi kileleni,
pembeni miti ya sponji,
na watu wadogo weupe, wasio na nyuso,
wanaotembea wawili wawili
bila kubeba chochote.

Aliyetangulia ni Bi Mutheu, dobi wa majumba ya Ngara.
Akauzunguka mnara kama anayekagua mbuzi wa kununua.
"Nyumba mmeikamua kama shuka," akasema,
"kamba ya kuanikia mkaisahau."
Ukumbi ukacheka. Msanifu naye akacheka,
akaeleza habari za mashine na hewa moto.
"Na stima ikipotea?"
Niliandika: ana wasiwasi.
Nikafuta.
Nikaandika: kamba.

Mzee Shantilal, muuza vifungo,
alikiri kwamba umependeza, kweli umependeza,
mji hauwezi kuvaa kaptura hadi uzeeni.
Ila jua huingia dukani kwake saa tatu kasorobo,
hukaa juu ya kaunta dakika ishirini,
na ni kwa jua hilo, si taa, anapotofautisha
kifungo cheusi na cha samawati iliyokolea.
"Jua langu mtalipima kwa mita ipi?"

Lokwawi, mlinzi wa zamu ya usiku,
aliinama akachungulia mlangoni kwa jicho moja.
"Naona maua. Naona chemchemi.
Kiti cha mlinzi sikioni."

Hapo ndipo ukumbi ulipochafuka.
Huyu: ni keekee ya kutoboa mawingu!
Yule: ni konokono aliyesimamishwa wima!
Mwanafunzi mmoja wa ujenzi, koti limemzidi,
akasema kila jengo huanza kwa kutukanwa,
baadaye hupigiwa picha za harusi.
Mpima ardhi mstaafu, Bwana Nderi, akatoa rula mfukoni,
akatuhesabia kivuli: Desemba, saa kumi na moja jioni,
kitakuwa kimeshavuka mto.
"Na kivuli," akasema, "hakiombi kibali."

Sauti kutoka nyuma: "Jengeni!
Jengeni hata usiku! Nimechoka kuamka saa tisa
nije kufagia mji nisiolala ndani yake."
Akauliza bei ya chumba kimoja.
Akaambiwa.
Akaketi, kiti cha plastiki kikalia chini yake.
Kile kimya sikukipatia neno.
Niliacha mstari mtupu,
na kesho mkubwa wangu ataniuliza
kwa nini nimeruka mstari.

Mimi sikuulizwa. Karani hana safu.
Lakini nakubali, niliutazama sana,
hasa ghorofa ya kumi na saba, dirisha la kona,
ambako msanifu, sijui kwa nini,
alikuwa ameweka taa ndogo ya manjano inayowaka.
Nikajiona nimevua viatu humo.

Saa nane mkutano ukafungwa kwa sala fupi.
Mnara ukabebwa na vijana watatu hadi mlangoni,
na mlango wa ukumbi wetu ni wa zamani, mfupi;
haukupita. Wakaujaribu hivi, wakaujaribu vile,
mti mmoja wa sponji ukadondoka.
Mwishowe ikabidi ulazwe ubavu, kama mgonjwa,
na Bi Mutheu, ambaye hakuitwa,
akaweka kikapu chake chini,
akaja kushika upande wa kichwa.

"Inama, mama," akauambia,
"inama. Pole. Bado kidogo."