Mkunjo

Godelieve alikuja na bango ndani ya bomba la kadibodi,
akalitandaza mezani kama anayemvua mtoto koti:
mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu.
Baiskeli za Verhaegen, Ghent, 1934.
Mwanamke wa manjano juu ya baiskeli nyekundu,
skafu imetoka shingoni, haijafika popote
miaka tisini sasa.

"Mtembeze," aliniambia. "Sekunde kumi tu,
za dirisha la duka. Na asikike."

Nikampiga picha, nikamkata kwa kipanya
ukingo kwa ukingo, kidole kwa kidole,
gurudumu hapa, skafu pale, kila kitu na tabaka lake.
Nilipomwinua kutoka kwenye karatasi
akaacha tundu lenye umbo lake.
Hilo sikuwa nimelifikiria:
mchoraji hakuchora kilichokuwa nyuma yake,
na mtu asipoondoka
hujui alikuwa ameziba mji kiasi gani.
Usiku kucha nikamjengea mtaa,
kipande cha ukuta, nusu ya dirisha,
paka, ambaye baadaye nilimfuta.

Sauti ndiyo iliyonitoa jasho.
Kengele za kununua zilikuwa safi mno,
zililia kama vijiko vya hotelini.
Nikashuka ghala la chini, nyumbani kwa mama,
nikaitoa baiskeli yake nyuma ya masanduku ya viazi.
Kengele ilikuwa na kutu, hukohoa kwanza ndipo ilie.
Mama alisimama ngazini, hakuuliza,
akaushikilia mlango mpaka tramu ya saa nne ikapita,
nami nikarekodi.
Mnyororo. Breki. Mvua kwenye bomba la paa.
Pumzi nilimwazima yeye,
alipomaliza kupanda zile ngazi kumi na nne.

Ukabaki mkunjo.
Mtu fulani, zamani, alilikunja bango mara mbili
lipate kutosha mfukoni, au chini ya godoro,
na mstari mweupe ukashuka
kutoka kwenye kofia hadi tairi la mbele.
Kuufuta ni kazi ya dakika tano, brashi laini.
Mkono ukawa mzito.

Basi nikauvuta chini, nikaulaza barabarani.
Sasa kila ikifika sekunde ya sita
gurudumu linaupanda, tak,
yeye anaruka kidogo kitini,
kengele inajipiga yenyewe,
skafu inamtangulia.

Godelieve alitazama mara saba.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
"Babu ndiye aliyelikunja," akasema,
"mwaka ule wanajeshi walipozikusanya baiskeli zote."
Akavaa glavu moja, akaivua.
Kisha akaniomba niongeze sauti kidogo
hapo penye tak.