Majina ya Kiangazi

Oktoba, milima ya Nyang'oro haina hata jani la kuazima.
Kitabu changu kinauliza: jani ni moja, au limegawanyika?
Kingo zake zina meno?
Nakifunga. Huku juu meno yote yamehamia kwenye miiba.

Kihwele yuko mbele na katambuga zake, hana haraka.
Anabandua gamba kwa ukucha wa dole gumba,
ananusa, ananipa ninuse.
"Mtundu?" nakisia.
"Mtundu ni wewe." Anacheka peke yake, kisha ananihurumia:
"Mlama huo. Ukiuchoma unatema cheche mpaka mbwa anahama."

Mwingine ngozi yake ni karatasi, inachanika kwa upepo,
na chini ya karatasi kuna kijani kibichi,
kama sare ya shule iliyofichwa ndani ya koti.
"Mbambara. Hauna makaa. Wa uzio tu."
Mgunga haukungoja utajwe, ulinishika sketi.
Mpingo aliugonga kwa jiwe, ukaitika kama reli.
Mninga sikutaka uulizwe,
lakini panga lilikuwa limeshauliza,
na jibu likachuruzika jekundu hadi kwenye buti langu.

"Haya yote umejifunzia wapi?"
Akanyoosha kidevu kuelekea bondeni, upande wa Izazi,
kule vilima vilikonyolewa kipara.
"Pale. Miaka kumi na moja ya tanuri.
Mti niliujua kwa moshi wake, usiku, nimelala chali:
mweupe, wa buluu, ule wa kukohoza.
Ikiwa mizima sikuitazama sana."

Sikuandika hilo. Niliandika: namba 18, mkole, kandokando ya korongo.

Karibu na kilele, katikati ya mawe,
kichaka cha kimo cha mtoto kimechanua kabla ya majani,
vimaua vya manjano, vidogo kuliko vifungo vya shati.
Kihwele akachuchumaa. Akanusa. Akatafuna kijiti, akatema.
Akazunguka upande wa pili, kana kwamba jina limeandikwa mgongoni.
"Huu siujui," akasema.
Kisha, baada ya muda:
"Sijawahi kuuchoma."

Namba 19 nikauachia mstari mtupu.
Wakati wa kushuka aligeuka mara mbili.
Mara ya pili alivua kofia,
labda ni jasho.