Neno Nililolifuta

Saa kumi na moja alfajiri, Isamilo.
Taarifa ya Masalu iko mezani, mstari mmoja umenikwama:
Bei ya mapanki yapanda.
Mapanki? Kwa kamusi ipi?
Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika: mabaki ya sangara.
Ndivyo nilivyofunzwa. Lugha ya habari ivae viatu.

Ninalo daftari la maneno niliyoyafungia.
Kuchakachua lilinitoroka,
lilianzia kwenye mafuta,
siku hizi nalisikia hata kwa mahakimu.
Ukurasa wa pili ni wa yale yaliyokuja na muhuri:
kishikwambi. Nimekisoma hewani mara tatu,
na mara zote tatu fundi mitambo kaangua kicheko.

Saa mbili na robo simu ya studio ikalia.
Kwandu, wa Igoma, sauti ya mtu aliyezoea
kushindana na mafuta yanayochemka:

"Nani kasema mabaki?
Mabaki ni ya jana, bwana. Ni ya mtu aliyeshiba.
Mimi nauza mapanki.
Nanunua kwa ndoo, nakaanga, nasomesha wawili.
Minofu ilipanda ndege, haya, ifike salama.
Sisi tukaachiwa kichwa, mgongo na mkia.
Tukavitazama: miba imesimama wima
kama nywele za wale vijana wa zamani, wa panki!
Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tukavipa jina.
Na kitu ukishakipa jina
hukiiti tena taka—"

Salio lake likaishia hapo.

Dirishani mawe yamebebana kama kawaida,
kubwa juu ya dogo.
Hakuna kamati iliyoyapanga
na sijasikia mtu akiyaambia yashuke.

Jioni nikalirudisha neno, ila kwa woga,
nimelibana kwa alama za mtajo
kama mgeni anayeshika dagaa kwa ncha za vidole.
Masalu alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu.
Akachukua kalamu yangu ileile nyekundu,
akaikata alama ya kwanza.

Ya pili akaniachia.

Taarifa ni saa mbili usiku.
Sasa ni moja na dakika hamsini,
na kalamu iko mezani, haina kifuniko.