Ndoo ya Chini ya Kitanda

Ilikuwa ndoo ya rangi, lita ishirini.
Nimeisugua kwa majivu siku tatu
na harufu ya tapentaini bado haijakubali kuhama.
Lakini mfuniko wake ukibana umebana:
mende hubisha hodi, huchoka, hurudi kwao.
Humo ndimo itakamoingia nyumba yetu kwa ufupi
chamchela ikirudi Bugarika.

Mwaka jana ilisimama ziwani kama mkonga,
ikanywa, ikashiba, ikaona bado,
ikapanda mlima kututafuta.
Bati letu la tatu kutoka mlangoni
liliokotwa Mabatini.
Watu wakacheka, wakasema limekwenda kwao.
Nami nilicheka, baadaye,
nilipopata la kuziba.

Mbuke anasoma orodha aliyonakili shuleni,
mimi natia.
Tochi, na betri zake kando zisije zikavuja.
Filimbi ya refa, niliyolipwa kwa kushona kaptula.
Dawa ya pumu ya Luhende.
Vyeti vya kuzaliwa ndani ya nailoni, ndani ya nailoni.
Namba za simu nimeziandika kwa penseli;
wino ukilowa hulia, husahau ulichoambiwa.
Michembe, na karanga kidogo.
Michembe haina haraka:
ukiitafuna inakupa muda wa kufikiri.
"Chaki haimo humu," anasema Mbuke.
Naijua haimo. Naiweka.
Baba yao huchuna minofu kiwandani usiku kucha;
tutamwandikia ukutani tulikokimbilia,
kama ukuta utakuwepo.

Ambacho orodha haikusema
ni kwamba dharura ndogo hula dharura kubwa.
Jumatatu umeme ulikatika, tochi ikatoka
"mara moja tu, mama."
Betri zikaonekana ndani ya redio, zikisikiliza mpira.
Filimbi ilikwenda kuchezesha mechi ya mtaa
ikarudi na meno.
Michembe ilipungua
kwa vidole visivyokuwa na mwenyewe.
Na usiku ule maji yalipotoka bombani
baada ya siku kumi na moja,
Mama Ngollo alikuja kuomba ndoo yenyewe.
Utamnyimaje? Nilimwaga maisha yetu kitandani,
nikampa.

Haba na haba, ndiyo.
Ila kibaba changu kina tundu.
Kila Jumapili nahesabu upya
kama karani wa ghala linaloibiwa na wenye ghala.

Jana saa kumi jioni ziwa likawa rangi ya sufuria.
Kunguru wakanyamaza.
Mabati yakaanza kunong'onezana juu yetu.
Niliinama, nikaivuta ndoo:
haikuja.
Nikavuta kwa mikono miwili, ikaburuza sakafu ikilalamika.
Nilipofungua, chini ya vyeti, chini ya kila kitu,
jiwe.
Kubwa, la kukumbatia,
ndugu wa yale tuliyoyapanga juu ya paa.

"Ni mimi," akasema Luhende,
pumzi yake ikipiga mluzi kifuani.
"Upepo usije ukaibeba."

Nilikuwa na la kusema kuhusu mwinuko wa mlima,
kuhusu mgongo wangu.
Halafu mvua ikanyesha,
mvua tu, ya kawaida, ya kujaza madumu.

Leo nimetoa karanga zilizoota ukungu.
Nimenunua betri, nimezificha, nimesahau wapi.
Jiwe nimeliacha.
Ndicho kitu pekee humo
ambacho hapa kwetu Mwanza
hakuna atakayekuja kukiazima.