Tupu Si Sifuri

Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili,
juu ya duka la koki na mabomba,
tuko saba, na feni moja inayolalamika.
Kompyuta yangu ni ya kukodi, kitufe cha N kimeng'oka;
nabonyeza kidonda chake kwa ncha ya kalamu,
na jina langu ni Mwanne: linauma mara mbili.

Mwalimu Lusajo haanzi na mashine.
"Unataka kujua nini?" anauliza.
Kimya. Miaka tisa nimejaza madaftari ya zahanati,
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Basi tunajifunza kuuliza.
Amri ni za lugha ya wenyewe, nazigeuza moyoni:
chagua jina, tarehe, uzito,
kutoka daftari la kliniki,
ambapo mtaa ni Kigogo,
panga kwa tarehe.
Kuuliza si ujinga, tuliambiwa utotoni;
hawakusema nukta mkato ikikosekana
mashine itakununia hadi saa tatu usiku.

Jibu likaja: watoto kumi na wawili.
Kigogo yote ile, watoto kumi na wawili?
Nachungulia. Kumbe kuna Kigogo, kuna KIGOGO,
kuna Kgogo, kuna Kigogo karibu na msikiti,
kuna Kigogo yenye nafasi tupu mbele yake,
kama mtu aliyekohoa kabla ya kujitaja.
Nusu ya makosa hayo ni yangu. Nayatambua
kama unavyotambua kanga yako kwenye kamba ya jirani.

Wiki nzima nafua.
Nakata nafasi, nashusha herufi kubwa,
naandika kitanzi kipite mstari kwa mstari
kama vidole juu ya tasbihi.
Ijumaa naamuru mchoro, na mchoro unatii:
wastani wa uzito, mstari wa buluu,
unapanda taratibu kama mtoto anayejifunza ngazi,
halafu, Aprili, unaporomoka hadi sakafuni.
Wiki tatu. Kilo sifuri.

"Watoto gani hawa, wasio na uzito?"
Lusajo ameinama nyuma yangu, ananuka tangawizi.
"Nani kakwambia tupu ni sifuri?
Sifuri ni jibu: tumepima, hakuna kitu.
Tupu ni mlango ambao hujabisha."
Kisha, kwa sauti ya chini: wengi huziba kwa wastani,
ni amri moja tu, hakuna atakayejua.

Kalamu yangu imesimama hewani.
Aprili naikumbuka.
Msimbazi ulipanda mpaka chumba cha sindano,
mafaili yakaelea, tukayaanika juu ya vitanda.

Jumatatu namfuata nesi Sikudhani Kondo.
Anafungua kabati, chini ya maboksi ya glavu,
anatoa kalenda ya duka la saruji.
Nyuma ya Januari, nyuma ya Februari:
majina, kilo, kwa penseli,
na doa la maji lililokauka mfano wa sikio.
"Tulihamia shuleni. Mizani tuliining'iniza
kwenye mlango wa darasa la tatu."
Mbona hukunipa?
"Mwanne, hukuniuliza."

Nimeingiza yote, jina kwa jina, jicho likiwasha.
Mstari umeinuka kutoka sakafuni,
lakini haukurudi pale ulipokuwa:
wiki mbili zile umeshuka, robo kilo, kisha nusu.
Wastani ungeficha hilo. Ungetupamba.
Na wiki ya tatu, hata mizani ilikuwa majini,
kalenda nayo iko kimya.
Hapo nimeukata mstari, nikaacha pengo jeupe
upana wa kidole gumba.

Lusajo ametazama muda mrefu.
"Wakubwa watauliza hilo shimo ni la nini."
Waulize.
Chini yake nimeandika kwa herufi ndogo:
hatujui.

Neno hilo halina N.
Limeandikika mara moja.